Sura ya Saba: Waya Mdomoni, Daktari Mbali

Maumivu ya waya za meno huisha ndani ya wiki moja hivi. Umbali kati ya Busunzu, wilayani Kibondo, na mtu aliyezifunga hauishi mpaka siku zitakapofunguliwa, na siku hiyo huwa mbele kwa miezi 18, mara nyingi 24, na kwa meno yenye ukaidi hata zaidi. Maelekezo yanayotolewa kliniki humlenga mtu anayekaa mitaa miwili kutoka hapo: waya ikimchoma shavu anapiga simu asubuhi, na kabla ya adhuhuri amekwishakaa kwenye kiti, mdomo wazi. Sura hii ni ya yule ambaye waya ikimchoma Jumatatu usiku yuko kijijini Kibondo, mvua za Machi zinamwagika, na tarehe aliyoandikiwa kwenye kadi ni ya mwezi ujao, Dar es Salaam.

Mtu huyo yupo, na anazidi kuwapo. Ni binti wa chuo aliyerudi likizo na tabasamu la chuma ambalo bibi yake halielewi. Ni mwalimu aliyeanza matibabu akiwa mjini, kisha barua ya kituo cha kazi ikamleta nyanda za juu za Kigoma. Ni kijana aliyelelewa na mjomba wake Mwanza, akafungwa waya huko, akaja kumalizia shule nyumbani. Zahanati ya kijiji haifungi waya. Watu wa kinywa na meno walioko wilayani kazi yao ni kung'oa, kuziba, kutibu fizi na majipu, na kazi hiyo peke yake inawatosha. Kupanga meno ni ubingwa wa juu ya udaktari wa meno, na mabingwa wake nchini ni wachache. Ukiwatafuta utaanzia Dar es Salaam, kwenye hospitali na chuo cha Muhimbili. Kutoka Kigoma mjini hadi huko Reli ya Kati ina zaidi ya kilomita 1,200, na mtu wa Busunzu bado hajafika Kigoma mjini.

Kwa hiyo swali la kwanza si namna ya kuzoea waya. Ni kama unazihitaji.

Mwaka 2009 Matilda Mtaya na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 katika Kinondoni na Temeke. Asilimia 63.8 walikuwa na angalau kasoro moja katika mpangilio wa meno au namna ya kuuma. Ukiisoma takwimu hiyo kwa haraka utadhani watoto wengi wa Tanzania wanatakiwa wapangwe foleni ya kufungwa waya. Mimi naisoma kinyume: kasoro wanayokuwa nayo watu sita katika kila kumi ni sura ya kawaida ya binadamu, na wengi wao wanakula, wanaongea na wanacheka bila shida yoyote. Kinachostahili safari ndefu ni kingine. Meno ya juu yaliyochomoza mpaka midomo haifungi, ambayo mtoto akianguka ndiyo yanayotangulia chini. Meno ya chini yanayochoma kaakaa. Meno ya mbele yasiyokutana, hata mtu hawezi kukata kipande cha nyama. Jino lililokwama ndani ya mfupa. Hayo yana sababu ya kitabibu. Mengine ni hiari ya mwenye meno na mfuko wake.

Na mwanya? Hapo nina msimamo. Kwenye faili la daktari mwanya ni nafasi kati ya meno mawili ya mbele, na nafasi kazi yake ni kuzibwa. Kwetu ni pambo, na wapo wanawake waliosifiwa kwa mwanya kuliko kwa jambo jingine lolote usoni mwao. Waya zikishaanza kuvuta, mwanya ndio unaoondoka mapema. Anayeupenda aseme siku ya kwanza, kabla ya gundi, na asione haya; bingwa mzuri anaweza kupanga mengine na kuuacha ulivyo. Anayetaka kuuziba naye ajue kwamba mwanya ni miongoni mwa vitu vyenye tabia ya kurudi.

Lipo kundi jingine ambalo meno yao hayakupinda yenyewe. Katika sehemu nyingi za Tanzania, na kwa majirani zetu pia, mtoto mchanga akiharisha au akipata homa wapo watakaosema ana meno ya plastiki. Fizi iliyovimba mahali pa chonge hupasuliwa na mganga, na kijino ambacho hakijaota hutolewa na kuonyeshwa kwa mama: cheupe, laini, kweli kama plastiki, kwa sababu ni jino ambalo halijakomaa. Homa ilikuwa na sababu yake nyingine, mara nyingi malaria au maji machafu, na haikutibiwa. Mtoto akinusurika na damu na maambukizi, hesabu huja miaka kumi baadaye: chonge la ukubwani halipo, au limeota limekunjamana, na meno ya jirani yamelalia pengo. Bingwa wa kupanga meno akiona pengo la chonge kwa kijana huuliza habari za utoto wake, na wazazi huangaliana. Mzazi ukiulizwa, jibu kweli. Hakuna anayekuja kukushitaki. Jibu lako linabadilisha mpango wa matibabu.

Jambo jingine linalozua ugomvi nyumbani ni kung'oa. Kijana anarudi na habari kwamba kabla ya kufungwa waya atatolewa meno manne mazima, na baba anauliza ni daktari wa aina gani huyo anayeharibu kilicho kizima. Meno yanayotolewa kwa kawaida ni yale yaliyo nyuma ya chonge, moja kila upande, juu na chini, na sababu yake ni nafasi: taya dogo lenye meno makubwa haliwezi kuyapanga yote bila kuyasukuma nje ya mdomo. Si kila mgonjwa anahitaji hivyo. Una haki ya kuonyeshwa picha ya eksirei na vipimo vilivyofanya daktari aamue, na kama hataki kuonyesha, nenda kwa mwingine kabla hujang'olewa hata moja.

Sasa tuingie mdomoni. Jino si msumari uliogongomewa kwenye ubao. Kati yake na mfupa wa taya kuna nyuzi nyembamba mno zinazolishika, na nyuzi hizo ndizo zinazopokea mvuto wa waya. Upande unaobanwa, seli maalumu huanza kubomoa mfupa; upande unaoachwa wazi, seli nyingine hujenga mfupa mpya. Jino husogea kwa kasi ya kama milimita moja kwa mwezi. Huwezi kuiongeza kwa kuikaza waya zaidi: ukivuta kwa nguvu nyingi damu haipiti kwenye nyuzi zile, kazi inasimama, na mzizi wa jino unaweza kuliwa. Ndiyo maana daktari anayekuahidi miezi mitatu kwa meno yaliyosongamana anapaswa kutiliwa shaka.

Breketi, yaani vile vidude vinavyobandikwa kwenye kila jino, hushikwa na gundi tu. Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno aliyefanya kazi Rochester, Marekani, alionyesha kwamba ukiupaka uso wa jino asidi kwa muda mfupi unapata vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, na plastiki ya kimiminika ikiingia humo na kukauka inashika sawasawa. Kabla ya hapo kila jino lilivalishwa pete nzima ya chuma. Lakini gundi hiyo ina sharti ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: lazima iweze kuachia. Siku ya mwisho daktari atazing'oa breketi bila kubandua jino, kwa hiyo tangu mwanzo nguvu yake imepimwa iwe ya kutosha kwa kula na isiwe ya kudumu. Hindi la kuchoma linaishinda.

Waya yenyewe ina historia ambayo mtu wa mbali anapaswa kuishukuru. Waya za siku za mwanzo za matibabu, wakati meno bado yamepinda, leo mara nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na titani uliogunduliwa mwaka 1959 katika maabara ya jeshi la majini la Marekani. Sifa yake ni kwamba ukiipinda inataka kurudi kwenye umbo lake, polepole, kwa nguvu ile ile ndogo, kwa wiki nyingi. Waya za zamani za chuma cha pua zilivuta kwa nguvu siku chache kisha zikanyamaza mpaka zikazwe tena. Kwa mtu anayekaa karibu na kliniki tofauti hiyo ni raha. Kwa mtu wa Busunzu ndiyo inayofanya matibabu yawezekane. Mwambie daktari unakaa wapi, kwa jina la wilaya, na umwambie nauli. Yapo mambo anayoweza kuyapanga tofauti: waya inayofanya kazi muda mrefu, kufunga kwa namna isiyolegea upesi, na kuepuka springi na vimpira vinavyohitaji kuangaliwa kila baada ya wiki chache. Hawezi kupanga asichokijua.

Siku ya kufungwa yenyewe haiumi. Maumivu huanza saa chache baadaye, mara nyingi ukiwa umekwishaondoka kliniki, hufika kileleni siku inayofuata, kisha hupungua siku hadi siku. Ushauri wangu ni kwamba usipande basi la usiku ule ule. Kaa kwa ndugu siku mbili tatu, ule, ujue ni wapi panapochoma, na kama kuna ncha ya waya inayochokoza shavu urudi ikakatwe kabla hujaanza safari. Gharama ya kulala ni ndogo kuliko ya kurudi.

Kwa maumivu, paracetamol kwa kipimo cha umri inatosha wengi. Madaktari wengi huipendelea kuliko dawa za jamii ya ibuprofeni, kwa sababu hizo hupunguza kemikali ambazo mfupa unazihitaji ili ubomoke na kujengwa. Maji baridi nayo yanasaidia, na hapa hali ya hewa ya Kibondo na Kasulu iko upande wako: maji ya mtungini ya alfajiri hayahitaji friji. Baadhi ya waya za nikeli na titani hulegea zikipoa na hukaza zikipata joto, hivyo usishangae chai ya moto ikikukumbusha una nini mdomoni. Vidonda vya shavuni na kwenye midomo vinasukutuliwa kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, mara kadhaa kwa siku. Chumvi yetu inatoka Uvinza, mkoa huu huu, na haina upungufu wowote kwa kazi hiyo.

Kuna pia nta ya meno, inayouzwa au kutolewa kliniki katika kiboksi kidogo. Unakata kipande cha ukubwa wa punje ya harage, unakilainisha kwa vidole, unakausha breketi kwa pamba, unakibandika. Omba viboksi vitatu badala ya kimoja. Najua Kibondo ni nchi ya asali na nta ya nyuki ipo. Lakini nta ya mzingani ina uchafu, masega na mabaki ya nyuki, na singependa mtu aibandike kwenye kidonda. Baada ya wiki mbili tatu shavu linakomaa na nta huikumbuki tena.

Chakula ndicho kinachoamua. Na katika hili nyanda za juu za Kigoma zimebarikiwa kuliko miji inayokula chipsi na nyama choma. Ugali wa muhogo ni chakula kinachomfaa mgonjwa wa wiki ya kwanza kuliko vyote ninavyovijua: laini, unavutika, unamezwa bila kutafunwa sana. Ukiupata na mchuzi wa mgebuka mbichi uliopikwa kwa mawese, nyama inaachana na mfupa yenyewe, umekula vizuri kuliko yule wa mjini anayekunywa uji wa pakiti. Viazi, magimbi, ndizi za kupika, maharage yaliyoiva mpaka yakapasuka, parachichi, mayai, mtindi: vyote hivyo viko ndani ya uwezo wako kuanzia siku ya pili.

Tatizo linaanzia kwenye dagaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika waliokaushwa juani wana vichwa na miiba migumu inayojipenyeza chini ya waya na kukaa. Waloweke, toa vichwa, wapike mpaka walainike, au wasage uwe mchuzi. Sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa vizuri haina madhara ila inaning'inia kwenye kila breketi, kwa hiyo usiile mahali ambapo hutaweza kusukutua, hasa kama kuna mtu unayetaka kumtabasamia. Karanga za kukaanga zisahau. Karanga zilizotwangwa na kuwekwa kwenye mboga endelea nazo. Nyama ya mbuzi na kuku wa kienyeji ichambue kwa vidole na kuikata vipande vidogo, utafunie magego. Embe likatwe kwa kisu, lisiguguniwe kwenye kokwa, na lile lenye nyuzi waachie wadogo zako.

Kisha kuna vitu vitatu ambavyo sina maneno laini kwavyo. Hindi la kuchoma, muwa na muhogo mbichi. Kila kimoja kinaliwa kwa kuuma na kuvuta kwa meno ya mbele, na hiyo ndiyo nguvu hasa inayobandua breketi. Msimu wa mahindi mabichi ni mgumu, najua. Watu wanaketi motoni jioni na wewe umekaa unatazama. Chemsha, pukuchua punje kwa kisu, kula kwa kijiko. Utachekwa. Mwanafunzi wa bweni ana mtihani mzito zaidi, maana makande ya shule hayaulizi nani ana waya, na mahindi yake mara nyingi yameiva nusu. Mzazi azungumze na mwalimu wa chakula mapema, kwa adabu, mtoto apewe maharage na ugali siku za makande. Ni ombi dogo na nimeona likikubaliwa.

Zipo tabia ambazo si kula lakini zinavunja kama kula: kufungua chupa ya soda kwa meno, kuchana mfuko wa sukari, kukata uzi, kutafuna kifuniko cha kalamu, kuuma kucha. Kijana anayecheza mpira naye avae kinga ya mdomo. Asipoipata, akae nje mpaka aipate. Goti la beki likikutana na mdomo wenye chuma, ndani ya mdomo panachanika.

Usafi nitausemea kwa ukali kidogo, kwa kuwa hapa ndipo matibabu mengi ya mbali yanapoharibikia. Breketi inatengeneza vichochoro ambavyo ulimi na mate havivifikii. Utando ukikaa humo, asidi ya bakteria huanza kulitoa jino madini yake, na doa jeupe kama chaki linaweza kuonekana ndani ya wiki nne tu. Hesabu mwenyewe: ni muda mfupi kuliko ule kati ya miadi yako miwili. Doa hilo halifutiki kwa kupiga mswaki. Siku waya zinapofunguliwa unabaki na meno yaliyonyooka yenye alama ya mraba katikati ya kila moja. Kinachozuia ni dawa ya meno yenye floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na inayopatikana kwenye duka lolote la kijijini. Soma kopo, hakikisha neno floraidi au fluoride limeandikwa. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, iache ifanye kazi.

Mswaki wa mti uliwatosha wazee wetu na unasafisha vizuri uso ulio tambarare. Hauwezi kuzunguka breketi, na kuutafuna ili utoe nyuzi ni hatari kwa gundi. Tumia wa dukani, wenye nywele laini: kwanza ulaze juu ya breketi ukielekea kwenye fizi, kisha chini ya breketi, kisha sehemu za kutafunia na upande wa ndani. Vile vijimswaki vyembamba vya kupenya chini ya waya vinunue mjini vya kutosha. Vikiisha, mswaki mdogo wa mtoto unafika pembeni kuliko wa mtu mzima. Simama mlangoni na kioo, mwanga wa jua ukupige usoni, uangalie jino moja moja. Fizi ikitoa damu usiiogope wala usiiache. Inatoa damu kwa sababu haijasafishwa. Soda na chai ya sukari nyingi kunywa kwa mkupuo na chakula, usikae nazo mchana kutwa.

Watu watasema. Waliokulea watauliza umefungwa kwa kosa gani, watoto watakufuata kukuchungulia, na yuko mmoja lazima atakayeleta habari za radi. Nyanda hizi zina radi za kutisha, hofu hiyo si ya kijinga, lakini chuma cha mdomoni hakivuti radi. Radi hutafuta kilicho kirefu na kilicho wazi: mti, mlingoti, mtu aliyesimama peke yake shambani. Kimbilia ndani ya nyumba kama wenzako, ukiwa na meno yako. Mzee ukimwamkia, ukamweleza kwa utulivu kwamba ni dawa ya kunyoosha meno na ina mwisho wake, mara nyingi swali linalofuata ni bei, na hapo ndipo kazi ya kueleza inapokuwa ngumu.

Sauti hubadilika siku za mwanzo. Midomo inapaswa kupita juu ya chuma ili kutamka p, b, m na f, na kwa wengine s na z zinatoka na upepo. Soma gazeti au sala kwa sauti kila jioni. Ndani ya wiki moja mbili ulimi na midomo vinajipanga upya. Mwanakwaya asiache mazoezi. Anayefunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka ndiye anayechelewa kuzoea.

Halafu inakuja siku breketi inapoachia. Usiitoe kwa nguvu. Kama bado imeshikwa na waya, itaning'inia na kuzunguka. Ikaushe, iwekee nta isikukere, piga picha mbili za karibu kwa simu, moja mbele na moja pembeni, umtumie daktari. Wakati wa janga la Uviko mwaka 2020 kliniki nyingi duniani zilifungwa na mabingwa walilazimika kuwaangalia wagonjwa kwa picha za simu kwa wiki na miezi. Walichojifunza kinakufaa wewe wa kijijini leo: breketi moja iliyoachia si dharura, inaweza kusubiri miadi, ila daktari ajue mapema atenge muda wa kuibandika. Waya iliyotokeza nyuma isukume kwa kifutio cha penseli kilichooshwa, au mgongo wa kijiko, ilale kwenye jino, ikikataa, nta. Kuikata kwa kikata kucha ni njia ya mwisho kabisa, kwa maelekezo ya daktari kwenye simu, kikiwa kimesafishwa kwa spiriti, na pamba ikiwa imeshika ile ncha isije ikaingia kooni.

Dharura ni nyingine. Kipande kikiingia njia ya hewa, mtu akakohoa bila kukoma au akapumua kwa shida, ni hospitali ya wilaya saa hiyo hiyo. Uso ukivimba na homa ikapanda, vivyo hivyo. Jino lililogongwa likalegea, vivyo hivyo. Hapo hupigi simu Dar es Salaam kwanza. Kipande kilichomezwa na kuteremka tumboni kwa kawaida hutoka chenyewe.

Kuhusu barabara: ile ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260.6, ambayo serikali iliijenga kwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imebadilisha hesabu za watu wa huku kuliko sera yoyote ya afya ya kinywa. Hata hivyo kuna miadi utakayoikosa. Mtu atafiwa, nauli itaisha, mtihani utaingiliana. Ukikosa mwezi mmoja na meno yako ni masafi, kwa kawaida umepoteza muda tu. Ukikosa miezi sita ukiwa na waya mdomoni na hupigi mswaki sawasawa, bora ungebaki na meno yako yaliyopinda.

Na daktari naye anaweza kuhama, au wewe. Kabla hujaondoka siku ya kwanza omba nakala za eksirei, picha, na maandishi ya aina ya breketi ulizowekewa, pamoja na upana wa mfereji wake: zipo za inchi 0.018 na za inchi 0.022, na bingwa mwingine asipoujua hawezi kukuchagulia waya inayoingia. Karatasi hiyo iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Utakutana pia na wanaouza waya za urembo, wanazibandika saluni kwa bei ya kusuka nywele. Serikali ya Thailand ilizipiga marufuku. Hazinyooshi chochote, au mbaya zaidi zinasogeza meno bila mpango. Pita.

Jambo la mwisho ni ritena, kifaa kinachovaliwa waya zikishafunguliwa ili meno yasirudi yalikotoka. Nyuzi za fizi huchukua karibu mwaka kutulia mahali papya, na hata baada ya hapo meno ya binadamu huendelea kusogea kidogo kidogo maisha yote. Miezi ya mwanzo utaivaa kwa saa nyingi kama daktari atakavyoagiza, kisha kila usiku. Inaoshwa kwa maji baridi, kwani maji ya moto yanaikunja, na haifungwi kwenye karatasi wakati wa kula maana ndivyo zinavyotupwa jalalani. Ile ya kuvua na kuvaa hupotea, huvunjika, hutafunwa na mbwa, na hakuna wa kukutengenezea nyingine Kibondo kabla ya meno kuanza safari ya kurudi. Kwa hiyo siku unapokwenda kufunguliwa waya, beba pesa ya ritena mbili, na usipande basi la kurudi Kigoma kabla hujazijaribu zote mbili mdomoni, moja baada ya nyingine, mbele ya daktari.